Mawe ya Asiyekuwepo

Vudee,
4 Juni 2023

Mwanangu Beatha,

Nyumbani hatujambo, isipokuwa magoti yangu ambayo sasa yanatabiri mvua vizuri kuliko redio. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mimi na simu tumeshindwana. Wewe unasema, mimi naitikia nisilolisikia, kisha tunaagana kwa furaha bila kuelewana. Barua hii Fredrick wa dukani ataishusha hadi Same, na kutoka hapo itapanda basi la Dodoma.

Jambo lenyewe ni ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Januari ulipokuja kumwekea marehemu baba yako msalaba kaburini, uliizunguka na tepu yako mpaka watoto wakadhani unatafuta madini. Ukuta ule wa udongo waliujenga babu zetu. Miaka yote hiyo ndiva imejaa usiku na kufunguliwa asubuhi, mashamba ya chini yakanywa kwa zamu. Sasa unavuja. Mkutano umeamua tuubomoe na kuujenga upya, juu zaidi kwa mita moja na nusu, ili maharage ya kiangazi yapate maji. Kanisa limetoa saruji. Wilayani wameridhia, ila wamesema ramani isiyo na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa hawaipokei. Nikasimama nikawaambia wanakijiji: mhandisi tunaye, tumemzaa wenyewe. Wakapiga makofi. Kwa hiyo usiniaibishe.

Halafu daftari langu la msaragambo bado linakusema vibaya. Tangu Januari una "hayupo" nne. Desturi unaijua: mtoto wa hapa aliye mbali huhesabiwa sawa na aliye karibu, na asiyefika kwenye msaragambo, kazi ya wote, anadaiwa makarai sita ya mawe kwa kila siku, abebe mwenyewe au abebewe na wa kwao. Yako nimebeba mimi. Silalamiki, nakutaarifu tu.

Mimi baba yako mdogo,
Sifael Mmbaga
Katibu, Kamati ya Ndiva


Dodoma,
25 Juni 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Pole kwa magoti, na ahsante kwa mawe. Ramani hii hapa, kurasa nne, nimeigonga muhuri na kutia sahihi kila ukurasa. Tafadhali Fredrick asiikunje.

Naomba unielewe kuhusu muhuri huu. Si wa kampuni ninayoifanyia kazi, ni wangu. Nikiugonga nimeapa kwamba kazi naijua na nitaisimamia kwa macho yangu. Ikiharibika, Bodi ya Usajili hainiulizi kama nilikuwa na nia njema. Inaniuliza nilikuwa wapi. Kwa hiyo kuna siku tatu ambazo lazima niwepo Vudee: msingi ukishachimbwa, udongo ukianza kupandishwa, na mtakapomwaga zege kwenye njia ya kutolea maji ya ziada. Nipe tarehe, nitaomba ruhusa.

Kuhusu udongo: mweke tabaka la shibiri moja, mlishindilie, ndipo lije jingine juu yake. Ukurasa wa tatu unaonyesha. Na kila baada ya kazi uniandikie barua yenye maelezo ya kilichofanyika, hata kama nilikuwepo. Barua hizo zitakaa kwenye faili la mradi kama taarifa za kazi. Wewe ulikuwa mwalimu miaka thelathini, najua hutanipa kazi ya kusahihisha.

Mwanao,
Beatha


Vudee,
11 Agosti 2023

Mwanangu Beatha,

Umetaka maelezo, basi pokea maelezo.

Msingi ulichimbwa Alhamisi tarehe 20 Julai, kama nilivyokutaarifu. Tulikungoja mpaka saa nne asubuhi, kisha tukaanza, kwa sababu watu tisini wenye majembe hawawekwi kiporo. Alhamisi ya tarehe 27 ukuta ukaanza kupanda. Jana, tarehe 10, tumemaliza na kumwaga zege. Ukuta umepanda, mwanangu! Ukisimama juu yake unaiona tambarare yote mpaka reli.

Makande yalipikwa mapipa mawili. Mchungaji alikuja na jembe lake jipya akaondoka na malengelenge. Tuligawana ukuta kama walivyogawana wazee: kila ukoo kipande chake, hatua saba kwa fimbo ya marehemu babu yako, na kila kipande kikapandishwa na wenyewe kutoka chini mpaka juu. Ni njia nzuri ya kumjua mvivu. Wachomvu walimaliza chao saa sita wakakaa juu wakiwacheka Wambwambo, ambao walikuwa bado kiunoni. Ilibidi nitoe hotuba. Sisi Wambaga tulikuwa wa tatu, na tungekuwa wa pili kama tungekuwa na wewe. Kushindilia kulifanyika kwa bidii, wanawake walifanya kwa kuimba na wanaume kwa kugombana.

Siku zote tatu nimekuandika "hayupo". Makarai kumi na nane. Ninayo shida moja tu, kwamba kutoka mtoni hadi kwenye ndiva ni kupanda.

Baba yako mdogo,
Sifael


Singida,
20 Agosti 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Hongereni sana. Nimefurahi kusikia ukuta umepanda. Nisamehe kutofika. Tumehamishiwa kwenye barabara ya huku, na mkubwa wangu haruhusu mtu kwenda hata msibani. Nilidhani ningepata nafasi, sikuipata.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya ukaguzi ambayo wilaya inaihitaji ili ifunge faili. Nimeshaijaza na kuigonga muhuri. Zile tarehe tatu zipo. Wewe tia sahihi palipo na alama ya penseli, kisha ufute penseli. Ni karatasi tu, lakini bila hiyo hamruhusiwi kujaza maji.

Nitakuja Krismasi nije niuone ukuta wenyewe.

Beatha


Vudee,
10 Septemba 2023

Mwanangu Beatha,

Nimetia sahihi, nimefuta penseli, Fredrick amepeleka.

Fomu inasema mhandisi alikagua kazi tarehe 20 na 27 Julai na tarehe 10 Agosti. Nilikaa nayo mezani kwa muda. Sikumbuki kukuona, lakini wewe ndiye uliyesoma mambo haya, na mimi macho yangu nayo yanazeeka.

Tumejaza maji. Ndiva ni kubwa mpaka bata wa Raheli wa Wambwambo, anayekaa chini yake, wameingia humo na hawataki kutoka.

Sifael


Vudee,
27 Novemba 2023

Mwanangu Beatha,

Ndiva imepasuka.

Ilikuwa alfajiri ya Alhamisi, baada ya mvua ya siku tatu. Zamu ya kufungua ilikuwa ya Tumainieli wa Wambwambo, na alikuwa njiani anakwenda kufungua alipoyasikia maji yakija kumpokea. Alipanda mti. Hakuna aliyekufa, mshukuru Mungu kwa hilo kabla hujasoma mengine.

Mashamba ya kaya kumi na nne hayana tena maharage, mengine hayana hata udongo. Banda la mbuzi la Raheli limekwenda na mbuzi wanne. Yeye mwenyewe aliangukiwa na boriti akijaribu kuwafungulia, mkono wa kushoto umevunjika mara mbili. Yuko hospitali Same.

Jambo ambalo hatulielewi ni hili. Ukuta haukubomoka wote. Umekatika mahali pawili, wima, kama uliokatwa kwa panga. Pa kwanza ni pale kipande cha Wachomvu kinapokutana na cha Wambwambo. Pa pili ni pale cha Wambwambo kinapokutana na chetu. Vipande vyenyewe vimesimama, unaweza kutembea juu yake. Watu wameanza kusema Wambwambo walilaaniwa kwa uvivu wao, na jana vijana wamerushiana mawe. Sisi hatuna la kuwaambia. Wewe utakuwa nalo.

Sifael


Singida,
5 Desemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Waambie watu kwamba Wambwambo hawana kosa. Wasomee sehemu hii mkutanoni, kama ilivyo.

Ukuta wa maji hujengwa tabaka moja kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho wake, kisha la pili juu ya lile, watu wote wakipanda pamoja. Ukijengwa kwa vipande vilivyosimama, kila kipande kinashikana chenyewe lakini hakishikani na jirani yake. Mahali vinapokutana panabaki mwanya kutoka chini mpaka juu. Huuoni. Maji huuona. Ukuta wa zamani ulikuwa mfupi, na ulikuwa umekanyagwa na mbuzi miaka mia, ndiyo maana ulivumilia. Huu tumeuinua, maji yakawa mazito, yakapata njia.

Hayo ni ya mkutano. Haya ni yako.

Nimezaliwa Vudee. Nimebeba udongo kwenye msaragambo tangu nikiwa darasa la pili, kwenye kipande cha Wambaga. Mhandisi mgeni angeweza kusema hakujua kwamba watu wetu hugawana ukuta. Mimi siwezi. Nilichora matabaka, nikasahau kuandika kwamba yapite kwenye ukuta mzima, kwa sababu vitabuni hakuna anayejenga vinginevyo. Ningekuwepo tarehe 27 ningeliona kabla ya saa tatu.

Tena uliniandikia. Nimeitoa barua yako ya Agosti na kuisoma. Vipande, fimbo ya babu, hatua saba, yote yapo. Niliisoma ndani ya gari. Nilipofika "ukuta umepanda" nikaikunja.

Nimeshindwa kumwandikia Raheli. Nimeanza mara tatu. Nina aibu, Baba mdogo.

Beatha


BODI YA USAJILI
Dodoma, 11 Januari 2024

Mhandisi Beatha Melkizedeki Mmbaga,

YAH: KUPASUKA KWA NDIVA YA VUDEE, WILAYA YA SAME

Tafadhali rejea somo hapo juu.

Bodi imepokea taarifa ya wilaya pamoja na fomu ya ukaguzi yenye muhuri wako. Fomu inaeleza kuwa ulikuwepo eneo la kazi tarehe 20 na 27 Julai na 10 Agosti 2023.

Unatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku ishirini na moja: (a) kama ulikuwepo siku hizo, (b) kama ulikuwepo, ni kwa nini ujenzi wa vipande haukuzuiwa, (c) kama hukuwepo, ni kwa nini fomu inasema ulikuwepo. Kamati ya Ndiva imeandikiwa barua yake ili itoe maelezo kwa upande wake.

Unakumbushwa kuwa usajili ni dhamana mbele ya umma.

Saada Sefu
Kny. Msajili


Dodoma,
26 Januari 2024

Kwa Msajili,

Rejea barua yako ya tarehe 11 Januari.

(a) Sikuwepo. Hata siku moja kati ya hizo tatu.
(b) Halinihusu, kwa sababu ya jibu la (a).
(c) Niliijaza fomu nikiwa Singida. Katibu wa Kamati aliitia sahihi kwa sababu nilimtaka afanye hivyo. Ni mwalimu mstaafu, si mtaalamu wa kazi hii, na ni baba yangu mdogo. Nilimwambia ni karatasi tu.

Naambatanisha barua zote tulizoandikiana kuhusu mradi huu. Ya tarehe 11 Agosti inaonyesha kwamba nilielezwa jinsi ukuta ulivyojengwa nikiwa bado na nafasi ya kuzuia maji yasijazwe.

Beatha M. Mmbaga


Vudee,
28 Januari 2024

Mwanangu Beatha,

Tulia. Jambo lako nimelimaliza.

Bodi waliniandikia na mimi, barua yenye nembo. Wanauliza kama mhandisi alifika. Wanataka nakala ya kumbukumbu za kazi. Nikasema, hawa hawajui wamemwandikia nani. Kuna utani wa kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi mimi sikuuza kitu. Nilichukua kalamu ileile ya bluu, nikafungua daftari la msaragambo, na kwenye zile Alhamisi tatu, mbele ya jina lako, nikaigeuza "hayupo" kuwa "yupo". Nikateremka Same mwenyewe, magoti na yote, nikatoa kopi kurasa tatu, nikazituma kwa barua ya rejesta pamoja na maelezo yangu kwamba ulisimama juu ya ukuta ukiwa umevaa mabuti.

Nimekaa na daftari hili miaka thelathini na moja. Wilaya nzima inajua halisemi uongo. Sasa nawe jibu hivyohivyo, maneno yetu yafanane.

Sikuona kazi nyingine ya kukufanyia.

Baba yako mdogo,
Sifael


BODI YA USAJILI
Dodoma, 14 Februari 2024

Kwa: Mhandisi Beatha M. Mmbaga
Katibu, Kamati ya Ndiva, Vudee

YAH: MAELEZO YANAYOPINGANA

Bodi imepokea maelezo ya mhandisi kwamba hakuwepo eneo la kazi, na maelezo ya Katibu kwamba mhandisi alikuwepo na alivaa mabuti. Maelezo yote mawili yana sahihi.

Katibu anatakiwa kuwasilisha daftari halisi la mahudhurio kabla ya tarehe 15 Machi. Nakala zilizopokelewa zimekatwa upande wa kulia, na Bodi ingependa kuona ukurasa mzima.

Saada Sefu
Kny. Msajili


Dodoma,
18 Februari 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Barua zetu zimepishana njiani. Siku uliyoandika kwamba umelimaliza jambo langu, mimi nilikuwa nimeshawaambia Bodi sikuwepo.

Nimekasirika, na sijui namna ya kumkasirikia mtu ambaye namwamkia. Hukuniuliza. Ningekwambia usifanye. Lakini nikiwa nayawaza haya nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekutumia fomu yenye alama ya penseli. Wewe ulikuwa hujawahi kuandika kitu ambacho hakikutokea. Mimi nilikuonyesha njia, kisha nikakwambia ufute penseli.

Naomba upeleke daftari kama lilivyo. Ukiulizwa, sema umebadilisha. Leseni yangu itakwenda, iende. Isiende na daftari lako.

Mwanao,
Beatha


Vudee,
3 Machi 2024

Kwa Msajili wa Bodi,

Daftari halisi hili hapa. Naomba lirudishwe, lina miaka mingine ndani yake.

Mimi nimebadilisha maneno matatu kwenye kurasa tatu. Mtaona wino wa juu ni mbichi. Kabla ya hapo sijawahi kubadilisha neno. Marehemu mke wangu, siku aliyokuwa akijifungua kitinda mimba wetu, nilimwandika "hayupo", na mawe nikabeba. Mchungaji aliyelala kitandani kwa malaria nilimwandika "hayupo". Sababu nilizijua, lakini daftari haliulizi sababu, linauliza kama mtu yupo.

Mmesema nakala zimekatwa upande wa kulia. Ni kweli. Nilifunika upande huo kwa karatasi nilipokuwa natoa kopi Same. Hapo pana safu ya mawe. Mtakuta imeandikwa, kwa siku zote tatu: Beatha Mmbaga, makarai sita, amebebewa na Sifael. Nilipobadilisha neno nilifika kwenye safu hiyo nikashindwa kuifuta. Mawe yale niliyabeba kweli. Yamo kwenye ukuta, na sehemu yake haijabomoka. Nilishindwa kuandika kwamba sikuyabeba.

Mhandisi hakufika. Aliyosema yeye ndiyo kweli, niliyosema mimi ni uongo. Niliusema kwa sababu ni mtoto wa kaka yangu na baba yake hayupo kumsemea. Sitoi hilo kama utetezi. Nalieleza ili faili likamilike.

Sifael Mmbaga
Katibu


BODI YA USAJILI
Dodoma, 22 Aprili 2024

Kwa: Beatha Melkizedeki Mmbaga
Nakala: Kamati ya Ndiva, Vudee

YAH: UAMUZI

Baada ya kupitia maelezo na vielelezo, Bodi imeamua kama ifuatavyo.

Usajili wako umesimamishwa kwa miezi kumi na minane kuanzia tarehe ya barua hii. Katika kipindi hicho hutachora, hutakagua, hutasimamia wala kujitambulisha kama mhandisi. Muhuri uurejeshe ndani ya siku saba. Ukweli ulioutoa kabla ya kubanwa umezingatiwa. Bila huo jina lako lingefutwa.

Ujenzi mpya wa ndiva usimamiwe na mhandisi mwingine aliyesajiliwa. Kazi ikiisha, Kamati iiandikie Bodi kuthibitisha kwamba Beatha Mmbaga hakufanya kazi yoyote ya kihandisi.

Katibu anaonywa. Daftari linarejeshwa.

Saada Sefu
Kny. Msajili


Vudee,
9 Juni 2024

Mwanangu Beatha,

Daftari limerudi, lakini si kwangu tena. Niliusomea mkutano barua ya Bodi yote, hata mahali panapoeleza onyo langu, kisha nikaliweka mezani. Hakuna aliyenizuia. Nilitegemea angalau mtu mmoja angenizuia. Wamemchagua Raheli. Mkono wa kushoto bado hauinuki vizuri, ila anaandikia wa kulia. Kwa kulichafua daftari, mkutano umenipa makarai kumi na nane. Ni haki, ningetoa hukumu hiyohiyo.

Mhandisi mpya ni Fadhila, binti wa watu wa pale Same mjini. Huja mwenyewe. Amekuja mara nne na kazi haijaanza. Amesema hakuna kipande cha mtu safari hii, watu wote mstari mmoja mwanzo hadi mwisho wa ukuta, tabaka kwa tabaka. Wazee waling'aka: sasa mvivu tutamjuaje? Akawajibu kwamba mvivu atajulikana kwa jirani zake wawili, wa kulia na wa kushoto. Mimi nilimpenda hapohapo.

Kazi inaanza Alhamisi tarehe 4 Julai. Kama mhandisi huruhusiwi kukanyaga hapa. Sijui utakuja kama nani, na sikuombi uje. Nakutaarifu tu, kama kawaida yangu.

Baba yako mdogo,
Sifael


Vudee,
14 Julai 2024

Kwa Msajili wa Bodi,

YAH: UTHIBITISHO MLIOUTAKA

Mimi ni Raheli Mbwambo, katibu mpya wa Kamati ya Ndiva. Barua ya kiofisi hii ni yangu ya kwanza, mnisamehe nikikosea utaratibu.

Kazi ilianza Alhamisi tarehe 4 Julai na kuendelea Alhamisi ya tarehe 11. Mhandisi Fadhila alikuwepo siku zote mbili kuanzia saa moja asubuhi, nimemwandika. Tabaka linakwenda ukuta mzima. Bado hatujamaliza.

Mmetaka kujua kuhusu Beatha Mmbaga. Alifika jioni ya tarehe 3 kwa gari la Same. Alikuja kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa baba yake mdogo. Alisimama mlangoni, nikamwonyesha mkono. Tuliyozungumza hayahusu Bodi.

Siku zote mbili hakupima kitu. Hakuchora. Mara moja mtu alimuuliza kama udongo una maji ya kutosha, akamwambia amuulize mhandisi. Alikanyaga na kushindilia udongo mstarini pamoja na wengine.

Katika safu ya mawe nimeandika hivi: Sifael Mmbaga, makarai kumi na nane kwa kuchafua daftari. Mawili alibeba mwenyewe. Kumi na sita amebebewa na Beatha. Mzee alilalamika sana kwamba hakumtuma mtu, lakini alilalamika akiwa amekaa.

Mbele ya jina la Beatha, kwa Alhamisi zote mbili, nimeandika "yupo". Cheo sikuandika, daftari letu halina safu hiyo.

Najua daftari hili liliwahi kuwadanganya, na mtataka kujua safari hii nina hakika gani. Mstarini nilikuwa jirani yake wa kulia.

Raheli Mbwambo
Katibu